Jua Lilichomoza Mara Ishirini na Tisa

Kila Jumatatu baada ya mapumziko ya saa nne, wanafunzi wa Gredi ya Sita walikuwa na somo la insha. Mwalimu Opicho aliingia darasani na madaftari kifuani, akayatua mezani polepole kama mtu anayetua trei ya mayai. Wanafunzi walikuwa wamejifunza kusoma miwani yake. Miwani ikiwa puani, insha zilikuwa nzuri. Ikiwa juu ya kichwa, heri ujiandae.

Jumatatu hiyo miwani ilikuwa juu ya kichwa.

"Nina habari ya ajabu," alisema. "Wiki iliyopita, katika darasa hili, jua lilichomoza mara ishirini na tisa."

Wanafunzi walitazamana.

"Mko arubaini na mmoja. Ishirini na tisa kati yenu mmeanza hadithi jua likichomoza. Kumi na saba mna ndege wanaoimba mitini. Sasa nitajieni mti mmoja tu ulioko baina ya shule hii na kwenu."

Sauti moja ikatoka nyuma. "Kulikuwa na ule wa kanisani, Mwalimu, lakini ulikatwa."

Darasa likacheka. Ayuma Mideva, aliyeketi karibu na dirisha, hakucheka. Hadithi yake ilikuwa na jua, tena ilikuwa na ndege. Isitoshe, mwanzo ule haukuwa wake. Aliukariri kutoka katika daftari la msichana mmoja wa Gredi ya Nane aliyemhakikishia kwamba ukianza hivyo, huwezi kukosa alama.

Ayuma alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa hodari wa kusoma na alipenda maneno, lakini kulikuwa na jambo moja lililomkereketa. Kila mwaka shule yao, katika mtaa wa Huruma, ilikuwa na Siku ya Hadithi. Hadithi tatu zilichaguliwa, na waandishi wake wakazisoma kwa kipaza sauti mbele ya wazazi. Kwa miaka miwili mfululizo, kazi ya Ayuma siku hiyo ilikuwa kupanga viti. Mwaka huu alikuwa ameapa kwamba viti vitapangwa na mtu mwingine.

"Leo sitasahihisha mimi," Mwalimu Opicho aliendelea. "Nimechukua hadithi nane. Tutazipeleka kwa watu wasiojua kubembeleza mtu. Twendeni Gredi ya Tatu."

Watoto wa Gredi ya Tatu walifurahi kupata wageni. Mwalimu Opicho aliwaeleza mchezo. Angesoma mistari michache ya kwanza ya kila hadithi bila kutaja jina la mwandishi. Anayetaka hadithi iendelee ainue mkono. Asiyetaka aache mikono mezani.

Hadithi ya kwanza ilipata mikono sita. Ya pili ikapata kumi na moja. Kisha akafungua daftari ambalo Ayuma alilitambua kwa jalada lake la gazeti.

"'Ilikuwa siku ya Jumamosi,'" Mwalimu alisoma. "'Jua lilikuwa limechomoza kutoka mashariki, likimetameta kama sahani ya dhahabu. Ndege walikuwa wakiimba nyimbo zao tamu mitini. Nilirauka, nikatandika kitanda, nikapiga mswaki, nikanawa uso na kujipangusa kwa taulo safi. Kisha nikanywa chai kwa mkate...'"

Alisimama. Hakuna mkono ulioinuka. Hata Ryan, mdogo wake Ayuma, ambaye alikuwa ameketi dawati la pili, alikuwa akichonga penseli.

Msichana mmoja mwenye hijabu nyeupe aliinua kidole. Alikuwa Batulo, jirani yao wa mlango wa pili.

"Unataka niendelee, Batulo?"

"Hapana, Mwalimu. Nataka kuuliza. Huyu atamaliza kunywa chai saa ngapi?"

Gredi ya Tatu walicheka hadi madawati yakatikisika, na Gredi ya Sita waliosimama ukutani wakacheka pia. Ayuma alitazama viatu vyake na kutamani kuwa na kazi ya kupanga viti, popote pale.

Kengele ilipolia, Mwalimu Opicho alimwita kando. Miwani ilikuwa imeshuka hadi kwenye paji la uso.

"Umeumia?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Vizuri. Kuumia kidogo hakumdhuru mwandishi." Alifungua lile daftari. "Nimeisoma hadithi yako yote. Ulifungiwa juu ya paa la jengo lenu. Hilo ni jambo la kusimuliwa. Lakini hebu tazama. Unafika paani ukurasa wa tatu. Kunawa uso umekupa mistari minne. Halafu hapa, pale kiatu kinapoanguka, umeandika hivi: 'Upepo ulivuma, kiatu kikaanguka.' Basi. Nusu mstari. Kwa nini kiatu kina haraka hivyo?"

Ayuma aliufunika mstari ule kwa kiganja.

"Mtu akizunguka sana kabla ya kuingia ndani, huenda kuna kitu ndani anachokiogopa," Mwalimu alisema. "Sijui ni nini na sikulazimishi kuniambia. Una hadi Ijumaa. Andika mwanzo mpya, nitausoma tena kwa watoto walewale."

Kisa hicho cha paani kilijulikana na kila mpangaji katika jengo lao la ghorofa sita. Mwezi mmoja uliopita, Ayuma alipanda juu kuanika nguo na raba zake za shule. Bwana Kilonzo, msimamizi wa jengo, alipita akaufunga mlango wa chuma kwa komeo. Hakumwona msichana aliyekuwa nyuma ya mashuka. Ayuma alipiga kelele, lakini kwaya ya kanisa la chini ilikuwa ikifanya mazoezi kwa vipaza sauti, na sauti yake ilipotelea humo. Baada ya saa nzima, raba yake ya kushoto ilianguka kutoka kwenye ukuta wa paa. Ilitua ndani ya sufuria ya Mama Nzembi, ambaye huuza maharagwe na chapati mbele ya lango. Mama Nzembi alipanda ngazi zote na raba mkononi, akafungua mlango, akamkuta Ayuma. Ndivyo alivyookolewa.

Ayuma aliulizwa ilikuwaje, akasema ni upepo. Bwana Kilonzo naye akachukua rangi nyekundu akaandika kwenye mlango wa paa: NI MARUFUKU KUANIKA VIATU JUU. Tangu siku hiyo familia zote za jengo zilianika viatu koridoni. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza, na ukipita koridoni ilibidi ubane pua.

Jioni ya Jumatatu hiyo Ayuma aliketi kwenye ngazi na daftari lake. Kama jua na chai haviwavutii watoto, aliwaza, basi atawapa kitu cha kuwashtua. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Ryan na Batulo walipokuwa wakipanda na vigaloni vya maji vya lita tano, akawasimamisha.

"Niaje, Ayuma," Batulo alisema. "Ni wewe ulikuwa unakunywa ile chai?"

"Ndiyo. Sasa nyamazeni, msikilize hii." Ayuma alikohoa kidogo. "'Damu! Damu ilitapakaa kila mahali. Mayowe yalisikika mtaa mzima. Nilijua kwamba siku hiyo lazima mtu angekufa.'"

Ryan alitua kigaloni. Batulo aliketi papo hapo kwenye ngazi, macho yamemtoka. Ayuma alifurahi.

"Halafu?" Batulo aliuliza. "Damu ya nani?"

"Subiri." Ayuma aliendelea kusoma. Alisoma jinsi alivyopanda paani, jinsi mlango ulivyofungwa, jinsi kwaya ilivyoimba, jinsi raba ilivyoangukia maharagwe na jinsi Mama Nzembi alivyofungua mlango. Alipofika mwisho akainua kichwa.

Batulo alikuwa amekunja uso. "Na damu iko wapi?"

"Hakuna damu kabisa. Ni njia ya kuanza tu, ili usikilize."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi umetudanganya," Batulo alisema. Hakuwa na hasira. Alisema tu, kama mtu anayesoma saa. Alichukua kigaloni chake akaendelea na safari. Ryan alimfuata, lakini alipofika kona aligeuka.

"Ile ya chai ilikuwa mbaya," alisema, "lakini haikuwa ya uongo."

Ayuma alibaki pale na daftari mapajani. Alichana ukurasa ule wa damu akaukunja vipande vidogo, vidogo zaidi, hadi haukukunjika tena.

Kesho yake jioni mama yao alirudi kutoka Gikomba. Phelister, ndilo jina lake, alikuwa akiuza makoti ya mitumba sokoni humo kwa mwaka wa tisa. Alikuwa mtu wa maneno machache hadi avue viatu na kupata kikombe cha chai. Ryan alikuwa akigombana na kipande cha ugali kilichokuwa kikubwa kuliko mdomo wake. Ayuma alikuwa akichezea mboga kwenye sahani. Mama alikunywa chai, akashusha pumzi, akasema:

"Leo mtu amepata meno ndani ya mfuko wa koti."

Ryan aliacha kutafuna. Ayuma aliinua kichwa.

"Meno ya nani?" waliuliza kwa pamoja.

"Hata mimi ningependa kujua. Kijana mmoja mrefu alilipenda koti la sufu, jeusi, kitu cha maana kabisa. Akalivaa, akatembea nalo hivi, akatia mkono mfukoni kuona kama una tundu. Akatoa leso. Akaifungua leso. Meno yakamtazama. Meno ya bandia, ya juu na ya chini, kamili."

"Akafanyaje?"

"Aliruka mpaka kibandani kwa Mutie, jirani yangu wa sokoni. Mutie akamwambia, bwana, usiogope, koti limekuja na mwenyewe."

Ryan alicheka hadi ugali ukampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Alipotulia aliuliza kama yule kijana alilinunua koti.

"Alilinunua," Mama alisema. "Lakini meno ameniachia mimi."

Ayuma alicheka pia, kisha akatulia ghafla. Alikuwa ameona jambo. "Mama," alisema, "leo uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Kwa nini?"

"Ulinawa uso?"

Mama alimtazama kama anayemkagua mgonjwa. "Nilinawa."

"Mbona hukutuambia? Mbona hukuanza na kunawa uso, ukaja kupiga mswaki, ukaja kufungua kibanda, ndipo ukafika kwenye meno?"

"Ningeanza na kunawa uso, Ryan angekuwa amelala kabla sijafika Gikomba," Mama alisema. "Mtu huanza pale jambo linapokuwa jambo. Mengine, akitaka kuyajua, atauliza." Alivuta kiti karibu. "Ni ile insha? Ryan aliniambia habari za chai. Haya, sahau daftari. Niambie mimi, kama ninavyokuambia wewe. Siku ile paani ilikuwaje?"

Ayuma alifungua mdomo. Hakuwa na jua wala ndege wala damu. Maneno yalitoka yenyewe kabla hajayazuia.

"Nilirusha kiatu changu kutoka juu, kikaingia kwenye maharagwe ya Mama Nzembi."

Ryan alimtazama dada yake kana kwamba meno yale yalikuwa yametoka mfukoni mwake.

"Ulirusha?" Mama alisema.

"Nilirusha. Haukuwa upepo." Sasa machozi yalikuwa karibu, lakini ilikuwa raha ya ajabu kuyasema. "Niliita mpaka sauti ikaisha, Mama. Kwaya ilikuwa inaimba ubeti uleule mara kumi. Nikaogopa kwamba giza litaniingilia kule. Nilitaka kiatu kianguke chini kwenye lami, watu wainue macho. Sikulenga sufuria. Halafu Mama Nzembi akaja amekasirika sana, maharagwe yote yamemwagwa, nikasema ni upepo. Na sasa watu wote wanaanika viatu koridoni kwa sababu yangu."

Mama hakumkemea. Alikunywa chai iliyobaki. "Sasa naona kwa nini hadithi yako ilikuwa inanawa uso," alisema mwishowe. "Kesho utashuka kwa Mama Nzembi kabla ya kuandika hata neno moja. Hadithi yako inamhusu yeye pia, na mjukuu wake anasoma shule yenu. Mama Nzembi asije akaisikia kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti."

"Utanisindikiza?"

"Hadi ghorofa ya kwanza. Zile ngazi za mwisho ni zako."

Jumatano baada ya masomo, Ayuma alisimama mbele ya jiko la Mama Nzembi. Mama huyu alikuwa mnene, mwenye kitambaa cha manjano kichwani, na mkono wake wa kukoroga haukusimama kwa ajili ya mtu yeyote.

"Habari ya jioni, Mama Nzembi."

"Nzuri, mwanangu. Chapati ngapi?"

"Sijaja kununua." Ayuma alimeza mate. "Nimekuja kusema kwamba kile kiatu nilikirusha mimi."

Mwiko uliendelea kuzunguka. "Najua," alisema Mama Nzembi.

"Unajua?"

"Mimi natoka Mwingi. Upepo naujua. Upepo ungekisukuma kiatu kikaanguka hapa, ukutani. Chako kilikuja kikizunguka hewani kama jiwe la kombeo, kikapita juu ya kichwa cha fundi wa baiskeli hapo kando, mpaka akainama." Sasa mwiko ulisimama, jambo ambalo Ayuma hakuwahi kuliona. "Yale maharagwe nilishayasamehe siku ileile. Kilichonisumbua ni kile kichwa cha fundi. Au kingekuwa kichwa cha mtoto aliyetumwa chapati. Umewahi kulifikiria hilo?"

Ayuma hakuwa amelifikiria. Aliona raba ile ikishuka ghorofa sita, akamwona Batulo akisimama pale langoni na sahani.

"Sikufikiria, Mama Nzembi. Nisamehe."

"Ungerusha shuka. Shuka haliumizi mtu na linaonekana mpaka Mathare." Mama Nzembi aliurudisha mwiko kazini. "Nilikuwa nikingoja uje mwenyewe. Nilijiambia, huyu msichana si mbaya, ni mwoga tu, na uoga huisha. Kesho njoo unisaidie kuchambua maharagwe, tuwe tumemaliza hilo neno. Na sasa hivi nenda kwa Kilonzo. Mimi nimechoka na harufu ya koridoni."

Bwana Kilonzo alikuwa mgumu kidogo. Alimsikiliza akiwa ameshikilia funguo zake zote kifuani, kisha akamhutubia juu ya usalama, juu ya ukweli na juu ya bei ya rangi nyekundu. Lakini alipomaliza alikuna kidevu na kukiri jambo lake mwenyewe. "Nami nilipaswa kuchungulia nyuma ya mashuka kabla ya kufunga," alisema. "Hilo sikumwambia mtu." Jioni hiyohiyo alipanda na brashi akayafuta yale maandishi. Kabla ya magharibi ukuta wa paa ulikuwa umejaa viatu vya kila namna, vimepangwa kuelekea jua.

Usiku kabla ya kulala Ayuma alifungua daftari. Hakuhitaji kufikiri sana. Aliandika sentensi ya kwanza, akaisoma kwa sauti ndogo, akaendelea. Alipotaka kueleza kwamba alikuwa amekwenda kuanika nguo, alilitia hilo ndani ya sentensi ya tatu, kwa maneno machache, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa njiani. Alipofika pale alipodanganya, hakupita mbio. Alikaa hapo aya nzima, ingawa ilikuwa aya ngumu kuliko zote.

Ijumaa Mwalimu Opicho alisimama tena mbele ya Gredi ya Tatu, akafungua daftari lenye jalada la gazeti.

"'Kiatu changu cha kushoto kilishuka ghorofa sita kikaingia ndani ya sufuria ya maharagwe ya Mama Nzembi,'" alisoma. "'Watu wote walisema ni upepo. Mimi ndiye niliyejua kwamba haukuwa upepo.'"

Alisimama. Mikono iliinuka darasa zima. Batulo aliinua yote miwili. Ryan, ambaye tayari alijua kila kitu, aliinua wake pia.

"Endelea, Mwalimu," mtoto mmoja alisema.

"Nimesema nitasoma mwanzo tu."

"Lakini ni nani aliyekirusha?" mwingine aliuliza, na darasa zima likaanza kunung'unika. Mwalimu Opicho alitazama saa, akatazama mlango, kisha akaketi juu ya meza na kusoma hadithi yote hadi mwisho. Alipomaliza, Batulo alitikisa kichwa akiridhika. "Hii imetupatia kiatu tulichoahidiwa," alisema.

Wiki iliyofuata ilifika Siku ya Hadithi, na hadithi ya Ayuma ilikuwa mojawapo ya tatu zilizochaguliwa. Viti vilipangwa na wavulana wa Gredi ya Tano. Phelister alifunga kibanda chake mapema, akaja na koti lake zuri kuliko yote. Mama Nzembi aliketi mstari wa mbele na mjukuu wake mapajani, kitambaa cha manjano kichwani. Zamu ya Ayuma ilipofika, kipaza sauti kilipiga mluzi, yeye akangoja kinyamaze, akasoma.

Sentensi ya kwanza tu, wazazi waliokuwa wakizungumza nyuma waligeuza vichwa. Walicheka kwaya iliporudia ubeti wake. Walicheka zaidi fundi wa baiskeli alipoinama. Lakini alipofika mahali alipomtazama Mama Nzembi machoni na kusema ni upepo, Ayuma alisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka kwenye ukuta wa madarasa. Alisoma hadi mwisho bila kukimbia. Makofi yalipopigwa, aliyasikia ya Mama Nzembi kuliko ya wengine, kwa kuwa mikono iliyozoea unga wa chapati ina kishindo chake.

Baada ya hadithi zote tatu kusomwa, mzazi mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, nyumbani nina mtoto ambaye kila insha yake inaanza na jua. Nimsaidieje?"

Mwalimu Opicho alivuta miwani ikashuka hadi puani.

"Muulize hivi: ni nini kilichotokea? Kile atakachokujibu kwanza, kwa mdomo wake, hapo ndipo hadithi inapoanzia. Asikopi maneno ya mtu mwingine, kwa sababu mwenye maneno hayo hakuwepo siku hiyo. Asiahidi damu kama hana damu, maana msomaji akidanganywa mara moja hatamwamini tena, hata akiambiwa kweli. Na akiona kwamba kalamu inazunguka tu haitaki kuingia, asitafute maneno matamu zaidi. Ajiulize ni kitu gani anachokiogopa. Ayuma alikuwa na maneno ya kutosha tangu mwanzo. Alichokosa ni kusema ukweli. Alipousema kwa aliyemkosea, hadithi ilijianza yenyewe."

Jumatatu, baada ya mapumziko ya saa nne, Mwalimu Opicho aliingia Gredi ya Sita na madaftari mapya arubaini na moja. Hakuandika kichwa chochote ubaoni. Aliwaambia tu kila mmoja amgeukie jirani yake na kumweleza jambo lililompata, kisha aandike sentensi ya kwanza aliyoitamka. Darasa lilivuma kwa dakika chache, hapa kicheko, pale mtu akisema, "Wacha, kweli?" Halafu vichwa vikainama, kimoja baada ya kingine, na kengele ilipolia hakuna aliyenyanyuka kwenda nje hadi alipomaliza mstari wake.